Jumla ya Namba Zinazofuatana: Utata wa Maneno Yake

Tuseme mwalimu wa hisabati ameandika ubaoni swali hili: "Tafuta jumla ya namba kuanzia 5 hadi 20." Mwanafunzi wa kwanza anajibu 200. Wa pili anajibu 180. Wa tatu anajibu 16. Kwa desturi ya madarasa yetu, wa kwanza atapigiwa makofi, wa pili ataambiwa kwamba hakuwa makini, na wa tatu atachekwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yule wa tatu hakustahili kuchekwa hata kidogo, kwa kuwa alijibu sawasawa swali aliloulizwa kwa Kiswahili. Na kwamba wa pili naye anayo hoja ya kusikilizwa. Kosa, kama lipo, ni la mtunga swali, na aghalabu mtunga swali ni mmoja wetu: mtafsiri, mwalimu, au ofisa anayeandika masharti na fomu.

Jambo hili si dogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mtoto wa Tanzania anayesoma katika shule ya msingi ya umma hujifunza hisabati kwa Kiswahili, kisha afikapo sekondari huikuta hisabati hiyohiyo kwa Kiingereza. Akiwa ametoka shule ya msingi na neno lisilo na maana imara, atavuka nalo hivyo hivyo, na huko mbele ataamini kwamba hajui hesabu, ilhali lililomshinda ni neno.

Tuanze na neno lenyewe, jumla. Asili yake ni Kiarabu, nasi tumelizoea katika matumizi mengi: bei ya jumla, kwa jumla, jumla kuu. Tazama sasa sentensi hii, ambayo kila karani amewahi kuiandika katika kumbukumbu za mkutano: "Jumla ya wajumbe 40 walihudhuria." Hakuna aliyewajumlisha wajumbe hao mmoja juu ya mwingine, walihesabiwa tu. Hapa jumla ina maana ya idadi yote. Basi ikiwa "jumla ya wajumbe" ni idadi yao, kwa nini "jumla ya namba kuanzia 5 hadi 20" isiwe idadi yake? Namba hizo ziko 16, na mwanafunzi wetu wa tatu alizihesabu kwa vidole pasipo kukosea.

Utata huu hauonekani tunapozungumza juu ya watu, ng'ombe au magunia, kwa kuwa vitu hivyo vikishahesabiwa kazi imekwisha. Waonekana pale tu kinachohesabiwa chenyewe kinapokuwa namba. Namba ina mambo mawili: yaweza kuhesabiwa kama kitu, na ina kiasi chake ndani. Magunia 16 ni magunia 16, lakini namba 16 zaweza kuwa na jumla ya 200, au 16, au sifuri.

Dawa iliyo karibu ni kutumia kitenzi. Kujumlisha hakuna maana mbili. Mtu akiambiwa "Jumlisha namba zote kuanzia 5 hadi 20," hatajibu 16. Nomino ikihitajika, na mara nyingi yahitajika, basi katika maandishi ya hisabati idadi iachiwe kazi ya kuhesabu na jumla kazi ya kujumlisha, wala moja isiazimwe kufanya kazi ya nyingine. Karani wa mkutano aendelee na jumla yake ya wajumbe. Hapo hapana anayepotea.

Kanuni yenyewe ya kupata jumla hii haina ugumu. Andika namba zako katika mstari: 5, 6, 7, na kuendelea, mpaka 20. Chini yake ziandike tena kinyumenyume: 20, 19, 18, mpaka 5. Sasa kila namba ya juu ina mwenzake wa chini. 5 na 20 ni 25. 6 na 19 ni 25. 7 na 18 ni 25. Kila unapopiga hatua kwenda kulia, ya juu yaongezeka moja na ya chini yapungua moja, kwa hiyo jozi haibadiliki. Jozi ziko 16, nazo zafanya 400. Lakini tumeziandika namba zetu mara mbili. Nusu yake ni 200.

Vitabu vingi huieleza kanuni hii kwa fomula ya herufi, kisha mwanafunzi huikariri mpaka siku ya mtihani. Nadhani Kiswahili chatupa njia fupi zaidi, kwa kuwa tunalo neno wastani, ambalo mtu hulisikia redioni katika taarifa za mvua na mitaani katika kueleza kimo cha mtu. Wastani wa namba zetu ni nusu ya 25, yaani 12.5. Ziko 16. Basi jumla ni idadi mara wastani. Kanuni nzima imekwisha kwa maneno matano ambayo hayahitaji kamati ya istilahi. Tena yaeleza sababu: ni kana kwamba namba zote 16 zimesawazishwa, zilizozidi zikawapa zilizopungukiwa, mpaka kila moja ikawa 12.5.

Yapasa kuongeza tahadhari moja. Kuupata wastani kwa kutazama namba ya kwanza na ya mwisho tu kunafaa kwa sababu hatua za katikati ni sawa. Chukua 1, 2 na 30. Nusu ya 1 na 30 ni 15.5, na mara tatu ni 46.5, hali jumla ya kweli ni 33. Mwanafunzi aliyekariri fomula bila sharti hili ataitumia popote.

Wengi hupenda kusimulia hapa kisa cha Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1777, kwamba alipokuwa mtoto alijumlisha namba kuanzia 1 hadi 100 kwa muda mfupi na kumshangaza mwalimu wake. Kisa hicho kiliandikwa na rafiki yake, Wolfgang Sartorius von Waltershausen, katika kitabu cha kumkumbuka kilichotoka mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo hazikutajwa namba 1 hadi 100. Hizo ziliongezwa na wasimulizi wa baadaye. Sina ugomvi na kisa hicho, ila mtafsiri asikifanye kuwa chanzo cha kanuni. Mhindi Aryabhata alikwisha kuiandika mnamo mwaka 499, tena kwa njia zote mbili: idadi mara wastani, na nusu ya idadi mara namba ya kwanza na ya mwisho zikijumlishwa.

Na kabla ya Aryabhata kwa miaka elfu mbili hivi, katika bara letu la Afrika, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili mafunjo ambayo leo yapo katika Makumbusho ya Uingereza, London, nayo hujulikana kwa jina la Rhind, Mskoti aliyeyanunua mwaka 1858. Ahmes mwenyewe alieleza kwamba alinakili kutoka maandishi ya kale zaidi. Swali la 64 katika mafunjo hayo lafaa sana kwa madarasa yetu, maana ni la ugawaji wa chakula. Hekati 10 za shayiri (hekati ni kipimo cha nafaka) wagawiwe watu 10, kila mtu amzidi anayemfuata kwa 1/8 ya hekati.

Ahmes hakutumia herufi. Alianza na wastani: hekati 10 kwa watu 10, basi wastani ni hekati 1. Kisha akahesabu tofauti zilizo baina ya watu 10, akapata 9. Akachukua nusu ya 1/8, ambayo ni 1/16, akaizidisha kwa 9, akapata 9/16. Akaiongeza kwenye wastani: mtu wa kwanza apate hekati 1 na 9/16. Kutoka hapo akapunguza 1/8 kila mara mpaka akafika kwa mtu wa mwisho, ambaye hupata 7/16. Ukimjumlisha wa kwanza na wa mwisho utapata hekati 2 kamili. Wa pili na wa tisa hivyo hivyo. Jozi tano, hekati 10. Mwalimu akiweka mchele badala ya shayiri na kilo badala ya hekati, somo liko tayari.

Tazama hasa pale alipohesabu tofauti akapata 9, si 10. Hapo ndipo wanafunzi wengi, na maofisa si wachache, hujikwaa. Ua lenye nguzo 10 zilizopangwa mstari mmoja lina nafasi 9. Mwanafunzi wetu wa pili, yule wa 180, alitoa 5 katika 20 akapata 15, akadhani kwamba ziko namba 15, akazijumlisha kuanzia 5, akaishia 19. Alihesabu nafasi akidhani anahesabu nguzo. Ili kuipata idadi ya namba, toa ya kwanza katika ya mwisho, gawanya kwa tofauti, kisha ongeza 1. Ile moja ni nguzo ya kwanza ambayo hakuna nafasi iliyoitangulia.

Lakini nimesema kwamba mwanafunzi huyo anayo hoja ya kusikilizwa. Hoja yake ni neno hadi. Je, tukisema "kuanzia 5 hadi 20," 20 imo au haimo? Mtu akipewa likizo kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 20, aripoti kazini tarehe 20 au tarehe 21? Nimeshuhudia mabishano ya aina hiyo, na kila upande ulikuwa na Kiswahili chake. Neno mpaka halitusaidii. Hilo ndilo jina la mstari ugawao mashamba mawili, na majirani hawajaacha kushtakiana juu ya ni nani mwenye mstari huo. Kati ya ni afadhali kidogo, kwa kuwa wengi huelewa kwamba ncha zimeachwa nje: namba zilizo kati ya 5 na 20 ni 14, na jumla yake ni 175. Hata hivyo tangazo la kazi linapotaka watu wenye umri "kati ya miaka 18 na 25," hakuna mwenye miaka 18 anayerudi nyumbani. Kwa hiyo, katika swali la hisabati na katika waraka wa serikali, lisiachwe kukisiwa. Iandikwe: "kuanzia 5 hadi 20, zote mbili zikiwamo." Ni maneno matatu ya ziada, na yataokoa muda mwingi.

Sasa tuje kwenye majina ya vitu vyenyewe. Namba zilizopangwa kwa utaratibu, zikatenganishwa kwa mikato, wengi wetu huziita mfuatano. Namba hizohizo zikiwekewa alama za kujumlisha badala ya mikato, huitwa na wengine mfululizo. Tofauti hii inahitajika katika hisabati ya juu, wala siibishi. Ninalosema ni kwamba neno mfululizo halina kujumlisha ndani yake. Tunasema mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, maana yake haikukatika. Kufululiza ni kwenda pasipo kusimama. Msikilizaji wa kawaida hawezi kutambua kwamba katika mfuatano hakuna kujumlisha na katika mfululizo kumo; kwake maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Basi kwa shule za msingi na kwa nyaraka za ofisi, ambamo namba zina mwisho, "jumla ya mfuatano" yatosha. Mfululizo ungojee wale watakaosoma habari za namba zisizokwisha, ambako kuuliza kama jumla ipo au haipo ni swali lenyewe.

Mfuatano wetu huu, ambao kila namba huizidi iliyotangulia kwa kiasi kilekile, uitweje? "Mfuatano wa hesabu" hautuelezi kitu, kwa kuwa mfuatano wowote wa namba ni wa hesabu. Nilipata kupendekezewa "mfuatano wa tofauti moja," nami nikaupenda kwa siku mbili, mpaka mwalimu mmoja akaniuliza: 2, 5, 8, 11, tofauti yake si 3? Moja yatoka wapi? Alikuwa amelisoma neno moja kama namba, na katika kitabu cha hisabati msomaji yeyote ana haki ya kulisoma hivyo. Kwa hiyo napendekeza mfuatano wa tofauti sawa, na mwenzake, ambao kila namba hupatikana kwa kuizidisha iliyotangulia kwa kiasi kilekile, uwe mfuatano wa uwiano sawa. Majina haya ni marefu, lakini aliyeyasikia mara ya kwanza aweza kuukisia ufafanuzi wake, na hiyo ni sifa ambayo majina mafupi mengi hayana.

Kuhusu tofauti na ongezeko, nachagua tofauti. Ongezeko huvutia kwa sababu mifano mingi ya darasani hupanda. Lakini 40, 37, 34 nao ni mfuatano wa namna hiyohiyo, na kusema kwamba una "ongezeko la kupungua" ni kumtia mtoto kichaa.

Limebaki jina la kila namba iliyomo katika mfuatano. Hapa watafsiri wameteleza sana, kwa kuwa neno la Kiingereza linalotumika ndilo lilelile ambalo shuleni ni muhula, katika mkataba ni sharti, na katika jarida kama hili ni istilahi. Nimewahi kusoma, katika rasimu ambayo haikuchapishwa, agizo la kutafuta "istilahi ya kumi." Nilifikiri kwanza kwamba naombwa orodha. Kwa kweli hatuhitaji neno jipya: namba ya kwanza, namba ya kumi, namba ya mwisho, zajieleza zenyewe. Kama lazima liwepo jina, ningetazama kwa wakwezi wa minazi. Kidato, kabla ya kuwa darasa la sekondari, ni pale palipochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi aweke mguu. Vidato hupanda kimoja baada ya kingine, kwa kadiri ya hatua ya mguu. Lakini najua kwamba neno hilo limekwisha kuchukuliwa na shule, na "kidato cha nne cha mfuatano" kingeleta vurugu mpya. Nalitaja kwa huzuni kidogo tu.

Alama za fomula, yaani zile herufi zinazosimama badala ya jumla, idadi na namba ya kwanza, ziachwe kama zilivyo duniani kote. Anayezibadili kuwa J na I na K hamsaidii mtoto ambaye mwaka ujao atafungua kitabu kingine.

Nimalizie kwa jambo lililonifika mimi mwenyewe, nje ya darasa. Niliwahi kuletewa rasimu ya masharti ya chama kimoja cha kuweka na kukopa, niisahihishe lugha. Sharti moja lilisema: "Kila mwanachama ataanza na akiba ya shilingi 20,000 mwezi Januari, na ataongeza shilingi 5,000 kila mwezi hadi Desemba." Lugha yake ilikuwa safi, nami nilikuwa tayari kulipitisha. Kwa bahati nikawauliza wajumbe wawili wa kamati: kwa sharti hili, Desemba itakuwaje? Wote wawili wakapiga hesabu, wakajibu kwa pamoja: 75,000. Wakafurahi kwamba wamekubaliana.

Nilipouliza zaidi ikadhihirika kwamba hawakukubaliana hata kidogo. Wa kwanza alielewa kwamba Januari mwanachama huweka 20,000, kisha kila mwezi huweka 5,000. Miezi 11 ni 55,000, na kitabu chake cha akiba mwishoni mwa mwaka kina 75,000. Wa pili alielewa kwamba mchango wenyewe ndio unaokua: Januari 20,000, Februari 25,000, Machi 30,000, mpaka mchango wa Desemba peke yake uwe 75,000. Kwake huyu, kitabuni zitakuwamo idadi mara wastani: miezi 12 mara 47,500, yaani shilingi 570,000. Mfuatano ni uleule, kuanzia 20,000 hadi 75,000 kwa tofauti ya 5,000. Kwa mmoja kila namba ilikuwa salio, na ya mwisho ndiyo yote. Kwa mwingine kila namba ilikuwa mchango, na zote zilipasa kujumlishwa. Baina yao palikuwa na shilingi 495,000 kwa kila mwanachama, na neno lililowatenganisha ni "ataongeza," ambalo halikusema linaongeza juu ya nini.

Niliwaandikia masharti mawili wachague. La kwanza: "Mwezi Januari kila mwanachama ataweka shilingi 20,000, na katika kila mwezi kuanzia Februari hadi Desemba, miezi yote miwili ikiwamo, ataweka shilingi 5,000. Akiba yake ya mwaka itakuwa shilingi 75,000." La pili: "Mwezi Januari kila mwanachama ataweka shilingi 20,000, na katika kila mwezi kuanzia Februari hadi Desemba, miezi yote miwili ikiwamo, ataweka kiasi kinachozidi alichoweka mwezi uliotangulia kwa shilingi 5,000. Jumla ya akiba yake ya mwaka itakuwa shilingi 570,000." Yule mjumbe wa pili alilisoma la pili mara mbili, akauliza kama kweli ndilo alilokuwa amelitetea. Kamati ilipitisha la kwanza.